Bima ya Kazini: Nani Anasoma Ugonjwa Wako?

Wafanyakazi wengi wanaotibiwa kwa kadi ya bima huingia chumba cha tabibu wakiwa na hofu moja: haya nitakayoyasema yataandikwa kwenye fomu, na je, fomu itamfikia bosi? Wapo wanaoficha kikohozi cha miezi miwili. Wapo waliokuja kwa ugonjwa wa zinaa wakasema ni kichwa, wakapewa dawa ya maumivu na kurudi nao nyumbani kwa wake zao. Kwa hiyo somo la leo ni juu ya taarifa za bima ya kazini, nani anazikusanya na kwa faida gani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna taarifa za mkataba: nani ana bima, mwajiri anachangia kiasi gani, mfanyakazi anakatwa kiasi gani. Na kuna taarifa za mwili wa mtu: ugonjwa, vipimo, dawa. Serikali inaweza kujua mengi sana ya fungu la kwanza bila kugusa la pili. Mfano mzuri ni Marekani.

Huko, wakati wa vita mwaka 1942, serikali ilizuia mishahara kupanda, waajiri wakaanza kuvutia watu kwa bima ya matibabu. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango huo wa mwajiri hautozwi kodi. Mwaka 2023 asilimia 53.7 ya watu wa nchi ile walikuwa na bima inayotokana na ajira. Serikali inayosamehe kodi yote hiyo lazima iulize fedha inakwenda wapi.

Tangu 1996 Ofisi ya Sensa ya Marekani huchagua maelfu ya sehemu za kazi na kuziuliza: Je, mnatoa bima? Bei yake kwa mtu mmoja na kwa familia ni ngapi? Mfanyakazi analipa nini mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa? Hakuna anayeulizwa fulani anaumwa nini. Afisa anayetoa siri za majibu hayo anaweza kufungwa hadi miaka 5. Tangu 2012 waajiri wakubwa huandika gharama ya bima kwenye hati ya mwaka ya mshahara, na wengi walishtuka wakidhani ni kodi mpya, kumbe ni taarifa tu. Tangu 2015 kuna fomu nyingine yenye jina la mfanyakazi na miezi aliyopewa nafasi ya bima. Nayo haina ugonjwa.

Faida yake ni kwamba takwimu hizo ndizo zilizoonyesha kuwa karibu kila kampuni kubwa inatoa bima, lakini zile za chini ya wafanyakazi 50 ni kama theluthi tu. Mfagizi wa saa chache mara nyingi hana kitu. Bila hesabu hiyo, kila mwenye sauti angedai kwamba hali ni nzuri.

Lakini hata huko kuna tundu. Jimbo la Vermont lilitaka rekodi za madai ya matibabu ili lijue bei halisi za hospitali. Machi 2016 Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura 6 kwa 2, ikasema jimbo haliwezi kuzilazimisha kampuni zinazolipia matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zao wenyewe, kwa sababu ya sheria ya taifa ya 1974. Zaidi ya nusu ya wenye bima za kazini wako katika mipango ya namna hiyo. Kwa maoni yangu hapo mgonjwa hakulindwa. Iliyolindwa ni bei.

Turudi kwetu Tanzania. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza 2001 kwa watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu mwajiri na nusu mtumishi. Hapa Mfuko wenyewe ni chombo cha serikali na ndio unaolipa hospitali, hivyo unapokea mafungu yote mawili. Fomu ya madai ina ugonjwa na dawa, nayo inakwenda kwa Mfuko, si kwa bosi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Siri huvuja zaidi kwenye mambo madogo: fomu zilizoachwa mezani mapokezi, au karatasi ya ED iliyoandikwa jina la ugonjwa wakati idadi ya siku za kupumzika ingetosha. Mwambie tabibu hivyo, ni haki yako. Hata jumla inaweza kumfichua mtu. Ofisini mkiwa watu 8, ripoti ya bima ikisema mmoja anatumia insulini, mtamjua kabla ya chai ya saa nne.

Tunza pia hati zako za mshahara. Ukiona makato yapo kila mwezi na kadi inakataliwa hospitali, nenda nazo ofisi ya Mfuko waziangalie na michango iliyopokelewa kutoka kwa mwajiri wako.