Hilful-Fudhul na Uhuru wa Mtu

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kusema kidogo juu ya jambo lililoulizwa sana katika darsa zetu, nalo ni hizi ziitwazo "jumuiya za kiraia". Makusudio yake ni vile vyama ambavyo watu huviunda kwa hiari yao, si kwa amri ya serikali wala kwa kuzaliwa katika ukoo, ili walinde haki au wafanye kheri. Wako ndugu zetu wanaolichukia neno hili, wasema ni la Wazungu. Na wako wanaolipenda mno, hata wakadhani Waislamu hawakuwa na lolote la kusema katika mlango huu. Wote wawili wangefanya vyema kurejea Makka, kiasi cha miaka ishirini kabla ya Mtume (s.a.w.) kupewa utume.

Makka ya siku hizo haikuwa na mfalme wala kadhi wala askari. Haki ya mtu ilikuwa ni ukoo wake. Mwenye ukoo mkubwa akidhulumiwa, jamaa zake walishika panga. Asiye na ukoo, mali yake na damu yake zilikuwa rakhisi. Basi akaja mfanyabiashara kutoka Yaman, akauza bidhaa zake kwa Al-As bin Wail, bwana mkubwa wa ukoo wa Sahm, naye akazichukua asimlipe. Mgeni yule akaziendea koo zilizofungamana na Sahm akiomba msaada, wakamkemea na kumfukuza. Ndipo alipopanda jabali la Abu Qubais wakati jua lachomoza, Maquraishi wakiwa barazani mwao kandokando ya Al-Kaaba, akapaza sauti kueleza dhuluma aliyotendewa.

Aliyesimama ni Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume. Zikakusanyika koo za Hashim, Muttalib, Asad, Zuhra na Taim katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, naye akawaandalia chakula. Wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila madhulumu watakayemkuta Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-As, wakamnyang'anya mali ile, wakampa mwenyewe. Hayo ndiyo mapatano yaitwayo Hilful-Fudhul. Mtume wetu aliyahudhuria akiwa kijana, na baada ya utume aliyataja kwa fahari, akaeleza kwamba lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeitika.

Izingatieni sana khabari hii. Waliokula kiapo kile hawakuwa Waislamu, wala Uislamu ulikuwa haujaja, na juu ya hivyo Mtume hakukikana. Na aliyelindwa hakuwa wa ukoo wao, wala hakuwa na cha kuwalipa. Makka ilikuwa na mapatano mengine mengi, lakini yale yalikuwa ya watu kusaidiana wao kwa wao, hata kama mwenzao ndiye dhalimu. Chama cha namna hiyo ni ukoo tu uliobadilishwa jina. Hilful-Fudhul ilikuja na jambo geni: kwamba mtu ana haki kwa kuwa ni mtu, si kwa kuwa ni mwana wa fulani. Uhuru wa mtu hauna msingi mwingine ulio imara zaidi ya huu.

Lakini tusiyatie chumvi mambo. Utumwa ulibaki Makka kama ulivyokuwa. Walioapa walikuwa mabwana wa koo, na hawakuweka mahakama wala sheria iliyoandikwa. Anayesema katiba zote za leo zimo ndani ya kiapo kile ajidanganya mwenyewe, na adui wa dini hashindwi kumuumbua.

Faida yake nyingine ilionekana baadaye, Waislamu walipokwisha kuwa na dola. Husain bin Ali aligombana juu ya mali na Walid bin Utba, liwali wa Madina katika zama za Muawiya. Liwali alipotumia cheo chake, Husain alimwapia kwamba atashika upanga wake, asimame katika msikiti wa Mtume, aite watu kwa Hilful-Fudhul. Abdullah bin Zubair aliposikia akaapa kusimama naye, na wengine wakasema vivyo hivyo. Khabari zikamfikia liwali, akaitoa haki ya Husain. Haukuchomolewa upanga. Liwali alijua tu ya kuwa mtu yule hayuko peke yake.

Sisi wa Kenya twajua hali ya mtu aliye peke yake. Tangu 1982 mpaka 1991 katiba iliruhusu chama kimoja tu cha siasa, na 1992 Islamic Party of Kenya ilikataliwa kuandikishwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 36, yampa kila mtu haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake, na yakataza kumnyima mtu uandikishaji pasina sababu ya maana. Hayo twayasoma kwa furaha. Lakini kifungu hicho kina neno jingine ambalo twalipita upesi: kwamba mtu asilazimishwe kuingia katika chama cho chote.

Kwetu sisi, mtu akiacha kundi la shekhe wake hususwa, hata akifiwa na baba yake watu huchelewa kuja mazikoni. Ziko kamati za misikiti ambazo mwenyekiti wake hakuchaguliwa tangu wengine wetu tukiwa chuoni, na anayeuliza hesabu ya michango huambiwa ana fitina. Wanawake hutoa vipuli na bangili zao kwa ajili ya madrasa, kisha hawaitwi hata kusomewa zilivyotumika. Twailalamikia serikali kwa kutunyima uhuru, na ndani ya milango yetu twawanyima wenzetu uhuru ule ule. Jumuiya iliyo huru mbele ya serikali, na ambayo watu wake hawathubutu kuuliza, yafanana na zile koo zilizomfukuza mtu wa Yaman.

Darsa ijayo, inshallah, kila mwenye chama aje na kanuni zake zilizoandikwa. Tutazisoma pamoja, tutafute mahali paelezapo mwanachama ajitoe vipi bila ya kudhuriwa, na mtu asiye mwanachama, akidhulumiwa na mmoja wetu, apeleke wapi mashtaka yake.