SANAMU YA MTU ALIYEKATAZWA KUANDIKA

Leo tusome habari za sanamu moja iliyoko mbali, katika mji wa Kharkiv, nchi ya Ukraine. Sanamu hiyo ni ya shaba, nayo ilizinduliwa mwaka 1935. Pamoja na nguzo iliyoibeba, ina urefu wa mita 16 na nusu. Aliyesimama juu ni mshairi Taras Shevchenko. Chini yake wamezunguka watu 16 wa shaba: wakulima, wapiganaji, wafanyakazi, na mama aliyebeba mtoto.

Je, mtu huyu alifanya nini hata akajengewa sanamu?

Shevchenko alizaliwa mwaka 1814. Siku hizo sehemu kubwa ya Ukraine ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa watwana, naye vilevile. Mtwana ni mtu aliye mali ya kabaila mwenye ardhi. Anamlimia kabaila bila mshahara, na kabaila akitaka anamwuza.

Kijana huyu alijua sana kuchora. Mwaka 1838 mchoraji Karl Bryullov alitoa picha yake, ikachezewa bahati nasibu, zikapatikana rubli 2,500. Kwa fedha hizo Shevchenko akanunuliwa uhuru. Alikuwa na miaka 24.

Mwaka 1840 alitoa kitabu cha mashairi kiitwacho Kobzar. Hakukiandika kwa lugha ya wakubwa. Alikiandika kwa Kiukraine, lugha ya wakulima wa kwao. Baadaye mashairi yake yakawasema makabaila na mfalme waziwazi. Mwaka 1847 akakamatwa, akapelekwa mbali kuwa askari. Mfalme Nicholas wa Kwanza akaongeza amri: asiandike wala asichore. Lakini wapi! Aliandika kwa siri katika vijitabu vidogo, akavificha ndani ya buti.

Alifunguliwa mwaka 1857. Sasa tutazame vizuri kazi yake ya mwisho. Mapema mwaka 1861, hali anaumwa, alichapisha kwa fedha zake nakala 10,000 za kitabu cha kujifunzia kusoma, kwa ajili ya shule za Jumapili. Katika shule hizo watu wazima walifundishwa herufi kama sisi tulivyofundishwa. Alikufa tarehe 10 Machi mwaka huohuo. Siku chache baadaye tangazo la kuwaacha huru watwana likasomwa hadharani. Yeye hakulisikia.

Tusisahau jambo moja. Sanamu ya Kharkiv ilijengwa na serikali ya Kisovieti, miaka 2 tu baada ya njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni ya watu Ukraine. Wakati huohuo waandishi wengi wa Kiukraine walikuwa wakikamatwa. Kumbe mtawala anaweza kumheshimu mshairi wa shaba, huku akiwafunga walio hai! Shaba haisemi. Ndiyo maana haitoshi kuitazama sanamu. Lazima tusome aliyoyaandika mwenyewe.

Mwaka 2022, Urusi ilipoupiga mji huo mabomu, watu waliipangia sanamu mifuko ya mchanga ili isivunjike.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini mfalme aliiogopa kalamu ya mtu mmoja?
2. Kwa nini Shevchenko alitumia fedha zake kwa kitabu cha herufi?
3. Tangu ujue kusoma, ni jambo gani ambalo mtu hawezi tena kukudanganya?