Mwongozo wa Kuajiri na Kufanya Kazi na Wenye Asili ya Nchi Jirani, Runzewe

Mwongozo huu ni wa wenye mashamba, maduara ya uchimbaji, makarasha ya kusaga mawe na vibanda vya chakula hapa Runzewe, pamoja na vibarua wao. Barabara ya Kahama hadi Nyakanazi hupitisha watu wa Burundi, Rwanda na Kongo. Hali zao kisheria hazilingani, kwa hiyo mjue mtu kabla hujampa kazi au kumnyima.

Wapo walio raia. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakajilisha, wakauza ziada, wakalipa kodi. Mwaka 2014 walianza kupewa vyeti vya uraia wa tajnisi, na idadi yao pamoja na watoto ilizidi 160,000. Mwenye cheti hicho hahitaji kibali cha kazi. Anaweza hata kuomba leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo mgeni hapewi. Kumwita mkimbizi ili umpunje ujira ni kuvunja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokataza ubaguzi wa utaifa, kabila au mahali mtu alikotoka. Wala lafudhi si ushahidi: Mhangaza wa Ngara na Muha wa Kakonko ni Watanzania, na lugha zao zinakaribiana sana na Kirundi. Tazama karatasi.

Mkimbizi wa kambini Kigoma huhitaji ruhusa ya kutoka kambini na kibali cha kazi, ambacho sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 imekitengea daraja E.

Kisha yupo kibarua asiye na karatasi yoyote. Sheria hairuhusu kumwajiri, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 2010, halimkingi, kwa kuwa Tanzania ilifungua mlango kwa taaluma zilizoorodheshwa tu. Lakini kumlimisha msimu mzima, kisha siku ya malipo kumtishia kwa Uhamiaji, ni wizi. Jasho lililokwisha kumwagika lilipwe lote, mbele ya shahidi, kabla hamjaachana. Dhuluma hii humwumiza na mzawa: akidai ujira halali, huambiwa yupo wa nusu bei.

Duarani, ugomvi mwingi huzuka kwenye mgao. Kabla ya kushuka, andikeni daftarini jina la kila mchimbaji, fungu lake la viroba vya mawe, na gharama za chakula na zana zitakazokatwa. Asomewe kwa lugha anayoielewa, ndipo atie sahihi au dole gumba. Ukurasa huo apewe nakala, au aupige picha kwa simu.

Mwajiriwa aliyeachishwa kazi isivyo halali apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai ya ujira yana siku 60. Aende na nakala ya daftari.