Juu ya Bima ya Maisha kwa Mtu Mwenye Mapato Madogo

Tumeulizwa mara nyingi kama mtu mwenye mshahara mdogo aweza kupata bima ya maisha atakayoweza kuilipia hata mwisho. Twajibu ya kwamba aweza, lakini sharti kwanza afahamu anunuacho. Maana tuliwahi kuketi na mjane wa mwinjilisti mmoja, naye alitufungulia karatasi za bima zilizofungwa vizuri katika kitambaa. Tukazisoma pamoja naye, tukaona ya kuwa hazina nguvu tena. Mumewe alilipa miaka 2, akashindwa mwaka wa tatu, mkataba ukavunjika, kisha akafa. Hakuwa mvivu wala mlevi. Aliuziwa bima iliyozidi uwezo wake.

Basi na tutazame kwanza bei ya bima yatoka wapi. Katika mji wa Breslau, uitwao leo Wrocław katika nchi ya Poland, mchungaji wa Kilutheri jina lake Caspar Neumann alikusanya hesabu za waliozaliwa na waliokufa, pamoja na umri wao. Hesabu hizo zikamfikia Edmond Halley huko Uingereza, yule mjuzi wa nyota, naye mwaka 1693 akatoa jedwali lionyeshalo jinsi watu wa kila umri wanavyopungua mwaka kwa mwaka. (Makatibu wa sharika wasikidharau tena kitabu cha mazishi!) Walakini chama cha Amicable, kilichoanzishwa London mwaka 1706, kiliwatoza wote sawasawa, kijana na mtu mzima, nacho hakikumpokea aliyepita miaka 45. Mwalimu wa hisabati, James Dodson, alikataliwa kwa sababu ya umri wake. Ndipo akapiga hesabu kwamba kila mtu alipe kwa kadiri ya umri aliojiunga nao, na kiasi hicho kisipande tena. Kwa hiyo aanzaye akiwa na miaka 25 hutozwa kidogo kuliko aanzaye akiwa na 45.

Wachungaji wa Scotland nao, wakiongozwa na Robert Wallace na Alexander Webster, walianzisha mfuko wa wajane wao mwaka 1744. Waliweka viwango vinne vya mchango, na kila mchungaji akachagua kimoja. Mjane akapata tangu pauni 10 hata pauni 25 kila mwaka, kwa kadiri ya kiwango alichochagua mumewe. Angalieni, hawakumlazimisha mwenye kidogo kuchukua kiwango cha juu.

Sasa, bima ni za namna nyingi, lakini mbili zatosha hapa. Bima ya muda hukulinda kwa miaka iliyotajwa, tuseme 10 au 20; ukifa ndani yake, walioandikwa hulipwa; ukiwa hai, hupati kitu, na kwa sababu hiyo ni rahisi. Bima yenye akiba hukurudishia fedha mwisho wake, nayo ni ghali zaidi kwa kiasi kile kile cha ulinzi. Watu wengi huikataa ile ya kwanza wakisema, "Fedha yangu imepotea." Je, mwenye duka humdai mlinzi arudishe mshahara kwa sababu mwizi hakuja? Kwa maoni yetu, baba mwenye watoto wadogo na mshahara mdogo aanze na bima ya muda, na akiba aiweke mahali pengine.

Muda upimwe kwa watoto: ikiwa mdogo wao ana miaka 6, miaka 15 yaelekea kutosha. Andikeni madeni na ada za shule, kisha ulizeni bei kwa makampuni matatu, kwa kiasi kimoja na muda mmoja. Ulizeni pia bima ya kikundi kazini au katika chama cha akiba na mikopo, kwani mara nyingi ni nafuu. Hapa Tanzania, wakala aonyeshe leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mkulima wa kahawa aombe kulipa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno.

Msifiche ugonjwa wala tumbako mnapojaza fomu. Aliyedanganya huwaachia watoto kesi. Mtoto mdogo akiandikwa kuwa mpokeaji, aandikwe na mlezi wake.

Tena mwulizeni wakala: nikikosa kulipa, nitangojewa siku ngapi? Mikataba mingi hutoa siku 30, na jibu lionekane katika maandiko. Hayo yote mke ayajue, na barua za kampuni azifungue. Katika kitambaa cha yule mjane tulikuta barua ya onyo, iliyoletwa miezi miwili kabla ya kifo, nayo ilikuwa haijafunguliwa.