Chuma cha kiti cha kinga kimeganda: tufanye nini?

Ndugu wanachama, kinga ya koperative inapanda kila mtu, murefu na mufupi. Lakini kwa kinga iliyokwisha kutumika, mara nyingi chuma cha kiti kimeshikwa na kutu ndani ya kadre, hakipande, hakishuke. Tusikimbilie nyundo: kadre ikipasuka, mihogo haifike sokoni.

1. Tutoe buloni inayokaza chuma cha kiti.
2. Tutie mazuti pale chuma kinapoingia kwenye kadre, asubuhi na mangaribi, siku tatu.
3. Tuondoe kiti, tubane chuma katika etau ya fundi. Watu wawili washike kadre, waizungushe polepole kushoto na kuume. Kuzungusha kwanza, kuvuta nyuma.
4. Tusiweke moto. Mazuti inawaka. Tena, kama chuma cha kiti ni cha aliminiyo (sumaku haikishike), moto unakivimbisha kuliko kadre, kitazidi kubana.

Kikitoka, tukwangue kutu, tupake grisi, turudishe. Kila mwaka tukitoe, tupake tena.

Na siku ya kununua kinga ingine, tujaribu kusogeza kiti mbele ya kutoa feza.