Zirkonia na Ukingo wa Taji la Jino
Taji la zirkonia kwa kawaida halichongwi likiwa gumu. Zirkonia iliyokwisha kuchomwa kikamilifu huimaliza ncha ya keekee upesi, nayo huweza kubaki na nyufa zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo huchongwa ingali laini kama chaki, kisha huchomwa tanuruni kwa takribani nyuzi 1,500 za Selsiasi. Humo husinyaa kiasi cha asilimia 20 katika kila kipimo, ndiyo maana mashine huichonga kubwa kuliko jino lenyewe. Ulaini huo una hasara yake: ukingo mwembamba humeguka. Ukingo usipokaguliwa, mgonjwa huachiwa mwanya wa kupitisha vijidudu vinavyoliozesha jino chini ya taji. Anayehisi ukingo ukimkwaruza ulimi arudi kliniki mapema, hata kama hana maumivu.