Itapanda au itashuka? Mbinu za maswali ya gesi na mimenyuko

Jioni moja mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea daftari lake, jibu limezungushiwa duara jekundu. Swali lilikuwa fupi: gesi yenye ujazo wa sm³ 250 kwenye nyuzi 27 za Selsiasi inapashwa moto hadi nyuzi 87, presha haibadiliki. Ujazo mpya ni upi? Alikuwa amezidisha 250 kwa 87, akagawa kwa 27, akapata sm³ 806. Kanuni aliijua na hesabu aliipiga sawasawa. Nikamuuliza, "Puto ukilitoa kivulini ukaliweka juani, linaweza kuwa mara tatu ya lilivyokuwa?" Akatikisa kichwa, akalivuta daftari, akaanza kujikagua mwenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye Selsiasi. Sufuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, basi. Gesi haina habari na maji. Kipimo kinachoanzia kwenye sufuri ya kweli ni Kelvini, nacho unakipata kwa kujumlisha 273. Kwa hiyo 27 ni 300, na 87 ni 360. Sasa 250 × 360 ÷ 300 ni sm³ 300. Ujazo umeongezeka, lakini kwa kiasi ambacho puto la kweli lingekubali.

Jizoeze kujumlisha 273 wakati uleule unaponakili takwimu za swali, kabla hujaandika kanuni yoyote. Ukisubiri hadi katikati ya hesabu, utasahau. Nimesahihisha madaftari mengi, na kosa hili moja linakula alama kuliko makosa mengine yote ya gesi yakiwekwa pamoja.

Mbinu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: kisia kabla ya kukokotoa. Jiulize jibu litapanda au litashuka. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Nafasi inapungua, na kidole kinasikia presha ikipanda. Hiyo ndiyo sheria aliyoitangaza Robert Boyle mwaka 1662. Sheria ya Charles, inayohusu joto na ujazo, umeshaiona kwenye puto. Na mtungi wa gesi ya kupikia haufai kuachwa juani kwa sababu chuma hakitanuki kama puto. Joto likipanda, kinachopanda ndani ni presha.

Ukishajua mwelekeo, huhitaji kuogopa kanuni ndefu yenye herufi sita. Chukua puto jepesi lililojazwa lita 2 za hewa Mombasa, kwenye nyuzi 30 na presha ya milimita 760 za zebaki. Linapandishwa Nairobi, ambako tuseme kuna nyuzi 20 na presha ni kama milimita 620. (Tusihesabu ubishi wa mpira wenyewe.) Fikiri jambo moja moja. Presha imeshuka, kwa hiyo puto litapanuka: namba kubwa inakaa juu, yaani 760 ÷ 620. Joto nalo limeshuka, kwa hiyo litasinyaa kidogo: namba ndogo inakaa juu, yaani 293 ÷ 303. Zidisha: 2 × 760/620 × 293/303, unapata kama lita 2.37. Sehemu mbili, kila moja na sababu yake. Hata ukisahau kanuni ndani ya chumba cha mtihani, sababu hizo huwezi kuzisahau, kwa kuwa umezishika kwa mikono.

Swali likisema gesi imekusanywa juu ya maji, toa kwanza presha ya mvuke wa maji, kisha uendelee.

Kuna jambo la lugha pia, hasa kwa wanafunzi wa sekondari Tanzania wanaopewa swali kwa Kiingereza. Lisome, kisha jisimulie kwa Kiswahili kana kwamba unamweleza mdogo wako: kulikuwa na nini, kimefanywa nini, kipi hakikubadilika. Kile kisichobadilika ndicho kinachokuambia ni sheria ipi. Asiyeweza kulisimulia swali hajalielewa bado, na kalamu haitamsaidia.

Tukija kwenye mimenyuko, wengi hukariri majina ya aina zake kama orodha ya nyimbo, kisha hupotea wakiona mlinganyo mpya. Usianze na jina. Hesabu vitu vilivyoingia na vilivyotoka. Viwili vikiingia na kutoka kimoja, vimeungana. Kikiingia kimoja na kutoka viwili au zaidi, kimevunjika. Elementi ikiingia na kampaundi, ikatoka elementi nyingine na kampaundi nyingine, mmoja kamfukuza mwenzake. Kampaundi mbili zikiingia zikatoka kampaundi mbili, zimebadilishana wenza.

Kumfukuza mwenzake ni jambo la kuona kwa macho. Yeyusha kwenye maji mrututu kidogo, ile chumvi ya bluu ambayo wakulima huitumia dhidi ya ukungu wa mimea (ni sumu, usiitie kwenye chombo cha chakula), kisha tumbukiza msumari safi wa chuma. Baada ya muda msumari unavaa koti jekundu la shaba, na bluu ya maji inafifia. Chuma kimeingia, shaba imetoka: Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu. Geuza sasa: waya wa shaba ndani ya maji yenye FeSO₄. Utakaa hata kutwa bila kuona kitu, kwa sababu mnyonge hamfukuzi mwenye nguvu. Ndiyo maana ule mfuatano wa nguvu za metali lazima uwe kichwani. Wanafunzi wengi huandika kwa ujasiri kwamba shaba ikitiwa kwenye asidi hidrokloriki inatoa hidrojeni. Haitoi.

Mtego mwingine ni mawe ya chokaa na asidi: CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂. Vimetoka vitu vitatu na gesi inafoka, kwa hiyo wengi hukimbilia kusema ni kuvunjika. Angalia tena. Kampaundi mbili zimebadilishana wenza kwanza, ikapatikana asidi ya kaboni, nayo haidumu. Ikavunjika hapohapo kuwa maji na gesi.

Mitihani hupenda kuyafunga mambo haya mawili katika swali moja. Fikiria tanuri la chokaa la pwani, ambako matumbawe huchomwa: CaCO₃ → CaO + CO₂. Kimeingia kimoja, vimetoka viwili, kimevunjika. Ukichoma gramu 10 za CaCO₃ safi, na moli moja ni gramu 100, una moli 0.1. Mlinganyo unasema moli moja inatoa moli moja ya gesi, kwa hiyo gesi ni moli 0.1, ambayo kwenye nyuzi sufuri na presha ya milimita 760 inajaza lita 2.24. Je, ikipimwa kwenye nyuzi 27, kwa presha ileile? Joto limepanda, gesi inadai nafasi, 300 inakaa juu ya 273: lita 2.46.

Badili moto, weka asidi ya kutosha juu ya gramu zilezile 10. Aina ya mmenyuko imebadilika, lakini moli moja bado inatoa moli moja, na lita ni zilezile 2.46. Sasa chukua gramu 25, upime gesi kwenye nyuzi 47 kwa presha hiyohiyo. Andika kwanza pembeni kama itapanda au itashuka, kisha piga hesabu. Ukipata lita 6.56, umepata.